Maziwa Hayaoshi Mapafu

Mume wangu ni seremala. Watu wanamwita Randa, jina la chombo chake cha kulainishia, kwa kuwa hakuna fundi mtaani anayelainisha mbao kumshinda. Karakana yake ni chumba kimoja kilichoshikana na jiko letu. Kila siku mimi nafagia, yeye anamwaga vumbi. Nimechoka, nasema kweli.

Dirisha la karakana halikuwa likifunguliwa. Randa alisema vumbi la barabarani litanasa kwenye vanishi mbichi, na mteja atakataa kabati. Basi alipiga msasa humo humo ndani, kisha jioni akanywa kikombe kikubwa cha maziwa. Ndivyo alivyofundishwa na fundi wake, kwamba maziwa huosha kifua. Fundi huyo mwenyewe alikufa akikohoa, lakini hilo halikumshtua mwanafunzi wake.

Mwaka huu pumzi ikaanza kumwishia. Akisema maneno manne, anasimama kuvuta hewa. Kubeba ubao mmoja kukamshinda. Nilimwomba aende hospitali, akaniagiza niongeze maziwa. Niliogopa sana. Nilimwona mume wangu anakwisha mbele ya macho yangu.

Jirani yetu ni muuguzi, tunamwita Sista. Nilipomweleza alikuwa ametoka kazini, miguu imevimba. Kesho yake alipitia buchani, akaja na mapafu ya mbuzi, mirija yake ikiwa bado imeshikana nayo. Akayaweka juu ya meza ya kazi ya Randa.

"Shemeji, leta maziwa yako," alisema.

Akamwonyesha mirija miwili. Mmoja ulikuwa laini, umelegea. Huo ni umio, njia ya chakula. Wa pili ulikuwa mgumu, una pete pete. Huo ni njia ya hewa. Alimimina maziwa kwenye umio. Yakatokea upande wa pili, yakaingia kwenye bakuli. Ndani ya mapafu halikuingia hata tone.

"Bakuli ndilo tumbo lako," Sista akasema. "Maziwa yanaishia hapo. Yakikosea njia kidogo tu, si unapaliwa?"

Randa akakubali kwamba hupaliwa.

Kisha Sista akachomeka mpira mwembamba kwenye njia ya hewa, akapuliza. Mapafu yakaumuka. Akaeleza kwamba ndani yake kuna vifuko vidogo mno, macho hayavioni. Humo damu huchukua oksijeni, na hewa iliyotumika hutolewa nje. Vumbi la mbao likiingia kila siku, huumiza njia za hewa na kuzibana.

"Hakuna kinywaji kinachofika huko, shemeji. Dawa ni kutolivuta hilo vumbi. Na kesho nenda wakakupime."

Randa akayabonyeza mapafu yale kwa kidole.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema, akavuta hewa, "nilikuwa nashiba tu."

Alikwenda, akapewa dawa. Siku hizi anapiga msasa nje, amevaa barakoa, upepo ukimpiga mgongoni. Dirisha liko wazi, tumelizibia kipande cha chandarua. Kabla ya kufagia nanyunyiza maji. Daktari alisema kilichoharibika hakitarudi chote, na kweli, asubuhi bado anakohoa.

Jana nilisahau kuanua nguo, mvua ikazilowesha. Randa alinigombeza kutoka mlangoni hadi jikoni bila kusimama kuvuta hewa. Jibu nilikuwa nalo, tena kali. Nikalimeza, nikamwacha anigombeze mpaka amalize.