Marilena na Mwizi wa Kurasa

Marilena Improta aliingia duka la vifaa vya elektroniki katika mtaa wa Toledo akiwa amekwisha kukasirika. Jumamosi, watu wamesongamana hadi hewa ni ya kugombania, na asubuhi ile ile mchapishaji wake alikuwa amempigia simu kumwambia kuwa kitabu chake cha tatu cha katuni hakitachapwa kwenye karatasi. Kitauzwa mtandaoni tu, basi. Mtu umeinama juu ya karatasi ujana wako wote, kisha unaambiwa karatasi basi! Alikuwa amevaa gauni la kijani lenye mifuko mikubwa, raba zenye madoa ya wino, na nywele zake nyeusi amezibana kwa penseli. Alitaka kishikwambi, aone kwa macho yake kile watakachokiona wasomaji.

Cha kioo kikubwa kilikuwa kimebaki kimoja tu. Alipokishika upande huu, mkono mwingine ukakishika upande ule.

"Samahani, dada. Mimi ndiye niliyekiona kwanza."

"Wewe umekiona. Mimi nimekishika."

Mwenye mkono alikuwa kijana mrefu wa ovaroli ya buluu ya mafundi wa lifti, nywele za mawimbi, macho ya kucheka. Macho hayo yalimuudhi papo hapo.

"Kama ni cha kutazamia picha za harusi ya binamu yako," yule kijana akasema, "kile kidogo kinatosha."

"Ni cha kusomea katuni."

"Katuni? Basi nikushauri bure. Chukua kile kidogo cha wino wa kielektroniki, cheusi na cheupe. Chepesi, hakichoshi macho, hata juani unasoma, na chaji inakaa wiki nzima."

"Na rangi je?"

"Rangi si lazima."

Damu ilimpanda Marilena kichwani. Akakichukua kile kidogo cha maonyesho, akafungua katuni ya askari wa zamani iliyokuwamo, akamsukumia puani. "Haya, mtaalamu. Huyu askari anasema nini?"

Kijana akakunja macho. Akakuza maandishi kwa vidole, ukurasa ukateleza. "Anasema... ngoja kidogo..."

"Ukimkuza askari, unampoteza adui aliye nyuma ya mlango. Ukimrudisha adui, maneno yanakuwa mayai ya chawa. Ukurasa wa katuni ni chumba, bwana, watu wanaingia na kutoka. Wewe unataka nikichungulie kwenye tundu la ufunguo!"

Wateja waliokuwa karibu waligeuka. Mama mmoja mwenye kikapu cha mboga akasema, "Mpe, mwanangu, usijitafutie balaa." Kijana akakiachia kishikwambi kikubwa, akainua mikono.

"Umeshinda. Lakini umenivua nguo mbele za watu. Angalau uninywishe kahawa."

Jina lake lilikuwa Ivano. Kishikwambi chake cha zamani kilikuwa kimemponyoka ndani ya shimo la lifti, ghorofa sita chini. Marilena hakutaka kucheka. Alicheka.

Mapenzi yao yalianza kwa ubishi na yakanenepa kwa ubishi. Waligombania viti vya karibu na dirisha, pilipili katika soseji, rangi ya bahari. Ivano akiwa kazini alimpigia simu kutoka juu ya mapaa ya nyumba za watu.

"Umekula, roho yangu?"

"Nachora. Usinisumbue."

"Sikuulizi kama unachora, nakuuliza kama umekula."

"Umeona mama yangu hatoshi, ukaamua kuwa wa pili?"

"Mama yako hana sharubu nzuri kama zangu."

"Ungemwona asubuhi!"

Katika simu mojawapo ndipo Marilena alipomtajia kazi yake kwa jina. Yeye na rafiki yake Ottavia, mwandishi, ndio waliotunga *Wajane wa Forcella*, hadithi ya wajane watatu wanaowafukuza wakopeshaji wa riba kutoka mtaani kwao. Ivano alinyamaza. Marilena akadhani ni mshangao, akafurahi.

"Na kama unataka kujua kwa nini kitabu cha tatu hakichapwi," akaendelea, sauti ikianza kupanda, "kuna mwanaharamu ameviskani viwili vya kwanza, akavimwaga mtandaoni. Bure! Anajiita Mkesha. Anasafisha kurasa vizuri, mshenzi, vizuri kuliko wachapaji wetu. Watu elfu wamesoma, mchapishaji hajauza hata vya kujaza kabati. Siku nikimkamata Mkesha huyo, nitamkunja kama shati."

"Ninaitwa na mwenye nyumba," Ivano akasema. "Kula, roho yangu."

Jumapili moja Ivano alimwalika kwake, mtaa wa Materdei, kwa chakula cha mchana. Marilena alivaa blauzi nyekundu aliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo. Harufu ya soseji ilijaa nyumba, jikoni Ivano akiimba vibaya. Kishikwambi cha Marilena kilikuwa kimekata chaji, akachukua kile kipya cha Ivano kutoka kwenye sofa ili aangalie rangi ya bahari kwa ajili ya ukurasa mmoja. Akafungua picha. Hakuwa akipekua, alikuwa akitafuta picha yao ya ufukweni.

Akawaona wajane wake.

Zilikuwa kurasa zake, moja baada ya nyingine, picha za zamani zilizohamia kwenye kifaa kipya, zimepigwa kabla ya kusafishwa, na pembeni mwa kila ukurasa kilionekana kitambaa cha meza chenye malimau na ndege wa njano. Akainua macho. Sahani mbili zilikuwa zimeandaliwa juu ya malimau na ndege wale wale.

"Mkesha," aliita.

Kule jikoni wimbo ulikatika. Ivano alitokea mlangoni na kijiko mkononi, na uso wake ukakiri kabla ya mdomo.

"Nilitaka kukuambia."

"Lini? Tukishazaa?"

"Nilifanya kabla sijakujua, Marilena. Vitabu vyenu havikuonekana madukani! Nilivitafuta mji mzima, nikapata nakala moja moja tu, za kuazima. Nikasema kitu kizuri hivi kisipotee. Sikuchuma hata senti."

"Ungechuma ningekuelewa! Mwizi mwenye njaa namwelewa. Wewe umeniibia kwa mapenzi! Na hilo ningelimeza, sikia, ningelimeza. Lakini mimi nimekulilia kwenye simu. Nimekutukana wewe mbele yako, nawe ukaniuliza kama nimekula!"

"Niliogopa kukupoteza."

"Hongera. Umefaulu kuogopa."

Akachukua mkoba wake. Njiani kwenda mlangoni alirudi, akachukua soseji moja kwenye kikaango kwa vidole, ikamuunguza, akaondoka nayo hivyo hivyo. Ilikuwa hasira ya kutoacha kitu nyuma.

Alizuia namba yake. Akachora siku nzima kwa mkono mzito hata kalamu zikavunjika, na kila mjane aliyemchora alikuwa amekunja ngumi. Tatizo lilikuwa jioni. Mchapishaji akimuudhi, mkono ulikwenda kwenye simu. Jirani akiegesha pikipiki mlangoni, mkono ulikwenda kwenye simu. Alikuwa na maneno makali tele na hakuwa na mtu wa kummwagia, na hilo likamkasirisha kuliko wizi wenyewe.

Ottavia ndiye aliyemletea habari. Aliingia bila kubisha, akavua koti lake la mvua, akajitupa kitini.

"Mkesha wako alikuja kwangu."

"Si wangu. Ukamfanya nini?"

"Nilikuwa napiga deki. Nilimpiga kwa kitambaa cha deki, kibichi. Akasimama tu. Kisha akaniambia ameondoa kila kitu kule mtandaoni, akaandika kwa jina lake halisi kwamba alikosa, na kwamba anawaomba watu wanunue vitabu vyetu. Wenzake wa kuskani wamemfukuza. Wanamtukana mpaka mama yake. Nimesoma mwenyewe."

"Kwa nini alikuja kwako, si kwangu?"

"Nilimuuliza. Alisema kwako angekuja kuomba arudishwe, lakini kwangu alikuja kuomba radhi tu. Hataki kuvichanganya."

Marilena aliinuka. Akavaa koti juu ya aproni yenye rangi. "Leo anafanya kazi wapi?"

"Wewe ndiye uliyezuia namba, unaniuliza mimi?"

Aliifungua ile namba. "Uko wapi?" akauliza tu, naye akajibu tu: mtaa wa Foria, jumba lenye lango la kijani.

Lifti ilikuwa imefunguliwa, waya nje. Ivano alikuwa ghorofa ya tano. Marilena akasimama chini ya ngazi na kupaza sauti.

"Ivano! Ni kweli ulikwenda kwa Ottavia?"

Kichwa chenye mawimbi kikachungulia toka juu. "Kweli!"

"Na zile nakala zilizokwisha kusambaa? Utazikusanya vipi, kwa fagio?"

"Siwezi! Zimekwenda! Najua!"

Milango ikaanza kufunguka. Ghorofa ya pili akatoka Bi Titina, mjane, gauni la nyumbani na vibanio kichwani. "Amekufanya nini, binti yangu? Ana mwanamke mwingine?"

"Ameniibia, akanyamaza!"

"Ameiba nini?"

"Kazi yangu!"

"Heri angekuwa na mwanamke," Bi Titina akasema, akaegemea ukuta asikie vizuri.

Ivano alishuka, ngazi baada ya ngazi, mikono imejaa grisi. Akasimama hatua chache juu yake, hakuthubutu kukaribia. "Sina la kujitetea. Kuskani nilikosa. Kunyamaza nilikuwa mwoga. Ukitaka nisikusogelee tena, sema, nitakwenda."

"Nani amekuambia uende?" Marilena alipiga ukelele uliofika paani. "Wewe unadhani umesamehewa? Hujasamehewa! Nimekasirika, na nitaendelea kukasirika Krismasi na Pasaka, na kila nikiona ukurasa wangu bure mahali fulani nitakasirika upya. Na mimi sikasiriki hewani, Ivano! Ninataka mtu wa kumkasirikia, akiwa pale pale, asiyekimbia, asiyeniuliza kama nimekula!"

"Maana yake nini?" Ivano akauliza polepole.

"Mpumbavu huyu!" Bi Titina akafoka. "Maana yake umuoe!"

Ivano alimtazama Marilena, na Marilena, uso mwekundu, machozi ya hasira yakimtiririka, hakumkanusha bibi yule hata kidogo.

"Usinishike na grisi hiyo," akasema. Kisha akampandia ngazi.