Kopo la Vifungo

Jamani, sogeeni, hasa ninyi mnaojua kunyoosha kidole kuliko kuuliza. Haya yamemkuta jirani yangu, na kesho yanaweza kukukuta wewe.

Asubuhi ile cherehani ilikuwa ikilia barazani. Fundi, maana mtaa mzima ulimwita hivyo mama huyu, alikuwa akimalizia gauni la bibi harusi. Binti yake wa miaka sita alikaa mkekani akichambua vifungo kutoka kwenye kopo la maziwa, vizima huku, vilivyovunjika kule. Baba yake, seremala, alikuwa uani akipiga randa. Nyumba ilikuwa na amani kabisa.

Mara vifungo vikamwagika.

"Mama, miguu! Mifupa inauma!"

Fundi hakuuliza kitu. Alimnywesha maji mengi, akampa dawa ya maumivu aliyoandikiwa hospitali, akamfunika blanketi. Mtoto alikuwa na selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita siko seli. Chembe zake nyekundu za damu hujikunja kama mundu na kuziba njia ya damu, ndipo maumivu yanapoanza. Hakuambukizwa na mtu. Alizaliwa nao.

Mchana wakaingia mamamkwe na kaka yake, mjomba wa seremala. Mgonjwa hawakumtazama hata kwa jicho la pembeni.

"Mwanangu," mamamkwe alimwambia seremala, "ukoo wetu hauna damu ya hivi. Huyu ndiye kaileta. Utaoa binti wa mjomba wako, damu safi ya kwetu. Huyu arudi kwao na mtoto wake."

Seremala akainamisha kichwa. Mwanamume wa kupasua magogo, lakini mbele ya mama yake alikuwa msumari tu, wa kugongwa. Fundi alimpenda mume wake, na ndiyo maana ukimya ule ulimuuma kuliko maneno ya mama.

"Siendi kokote," akasema.

"Unasemaje wewe?"

"Umenisikia, mama. Miaka sita naitwa gundu, nanyamaza. Leo mtanisikiliza ninyi." Akaokota vifungo mkekani. "Kila mtu ana vifungo viwili vya damu, kimoja kapewa na mama, kimoja na baba. Mimi nina kizima kimoja na kibovu kimoja. Nilipimwa, sikatai. Lakini mnaniona nimelala kitandani? Mwenye kibovu kimoja haugui hivi. Ili mtoto augue hivi, lazima apate vibovu viwili. Kimoja nimempa mimi. Cha pili kakitoa wapi, kwa jirani?"

Mjomba akacheka, kisha akakumbuka kwamba alikuja kukasirika.

"Mwanangu ni mzima kama chuma!" mamamkwe akafoka.

"Hata mimi ni mzima kama chuma. Apimwe. Na huyo mchumba mliyemtafutia naye apimwe, kabla hamjaniwekea mabegi nje."

Ndipo seremala akainua kichwa. "Nitapimwa," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yake.

Wiki moja baadaye walikutana tena kwenye baraza lile lile. Binti wa mjomba, mwalimu wa chekechea, alikuja mwenyewe bila kuitwa, karatasi ya majibu ya kipimo mkononi. Seremala alikuwa na kifungo kibovu kimoja. Binti wa mjomba, kimoja vilevile.

"Baba," mwalimu akamgeukia mjomba, "mlitaka mumtoe kaka kwenye shimo hili, mkamtumbukize kwenye shimo lile lile? Kwanza mimi huyu nimemjua kama kaka yangu tangu utotoni. Hamkuniuliza hata siku moja."

Mamamkwe akakaa chini polepole.

"Mdogo wetu wa mwisho," akasema kwa shida. "Vidole vyake vilikuwa vinavimba, mifupa inamuuma hivi hivi. Alipokufa tukasema ni kijicho cha watu. Mama akatukataza kumtaja."

Fundi alimwonea huruma, lakini hasira ilikuwa bado haijaisha, na hakuificha. "Basi leo tumtaje, mama. Mngemtaja zamani, mimi nisingetukanwa miaka sita, na sisi wawili tungejua kabla ya kuoana. Na kliniki ya Jumanne, mjukuu wako utampeleka wewe."

Mamamkwe aliitikia kwa kichwa, akaivuta miguu ya mtoto, aliyekaa mkekani kando yake, hadi mapajani mwake, akaanza kuikanda taratibu.

Tangu siku hiyo, bibi harusi akija kushonewa gauni, Fundi hashiki utepe wa kupimia kabla ya kuuliza: "Wewe na mwenzio mmepima siko seli?" Wapo wanaonuna na kuondoka. Fundi huwaacha waende, na swali habadilishi.

FUNZO

Ugonjwa wa kurithi si laana wala uchawi, na si kosa la mama. Selimundu hutoka kwa wazazi wote wawili, na wote wanaweza kuwa wazima kabisa. Wakikutana wawili wenye kibovu kimoja kimoja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mgonjwa, na hesabu hiyo huanza upya kila mimba, hata kama wa kwanza alizaliwa mzima. Kuoana ndani ya ukoo hakusafishi damu. Kunaweza kukutanisha vibovu vilivyojificha. Pimeni kabla ya ndoa, wote wawili. Watajeni wagonjwa wenu. Na ukitaka kumnyooshea mke wa mtu kidole, kapimwe kwanza wewe.