Seleri Haitaki Umande

Asubuhi katika kijiji cha Pasir Hanjuang haiji kwa haraka. Kwanza ukungu hushuka kutoka mlimani na kulala juu ya mapaa. Jogoo huwika, lakini humwoni. Halafu Imas, akiwa bado kitandani, husikia nyayo za mama yake uani.

Nyayo hizo Imas amezisikia tangu utotoni. Mara nyingine hajui kama anazisikia kweli au anaziota. Mama yake anaitwa Rukoyah, lakini kijiji kizima humwita Ambu, yaani mama kwa lugha ya huko. Ambu huamka kabla ya jua. Hutembea peku kwenye nyasi zilizolowa. Hutoa chanja za mianzi, moja baada ya nyingine, na kuzipanga uwanjani. Juu ya chanja kuna majani makavu. Ambu huimba kwa sauti ya chini huku majani yakinywa maji ya alfajiri.

"Nayapa umande," husema.

Kazi hiyo aliijua kutoka kwenye tumbaku. Zamani kijiji kizima kililima tumbaku. Tumbaku ikikauka sana huvunjika ovyo, na mnunuzi wa tumbaku hataki vumbi. Anataka nyuzi ndefu, laini, zinazokunjika. Kwa hiyo ilikaushwa juani, kisha ikapewa umande kidogo ilainike. Umande ukizidi, inaoza. Ukipungua, inavunjika. Ambu alijua kiasi kwa kugusa tu. Watu walitoka vijiji vya mbali kuja kumwona akigusa.

Siku hizi wanunuzi wa tumbaku hawapandi tena mlimani. Oman, mume wa Imas, aling'oa tumbaku akapanda seleri, yale majani ya kijani yanayonukia kwenye supu. Seleri inapenda baridi, na baridi ni kitu ambacho Pasir Hanjuang haijawahi kukikosa. Kisha kiwanda kimoja cha viungo vya supu, huko bondeni, kikasema kinataka seleri kavu. Nyumba ikafurahi. Kukausha majani? Hiyo si ndiyo kazi ya Ambu?

Gunia la kwanza likarudi. La pili nalo likarudi, likiwa na karatasi yenye maneno machache: *Mzigo una ukungu. Una harufu.*

Oman alisoma, akacheka cheko la uchungu. "Una ukungu! Kwani wao hawajui tunaishi wapi? Huku hata mbuzi wana ukungu."

"Wanasema ukungu wa kuoza, baba Lilis," alisema Imas. "Ule mweupe unaoota kwenye mkate."

"Basi wangeandika hivyo."

Imas hakucheka. Alikuwa na jambo moyoni ambalo Oman alilijua na Ambu hakulijua. Binamu yake alikuwa fundi katika kiwanda cha kushona nguo mjini. Alikuwa amemwombea Imas nafasi, na nafasi hiyo ingemngoja mpaka mwisho wa mwezi. Mzigo wa tatu ukirudi, Imas angefunga nguo zake aende. Angerudi nyumbani Idi kwa Idi. Lilis, binti yake wa miaka sita, angebaki na bibi yake. Kila usiku Imas alimtazama mtoto akilala, na kila usiku alishindwa kumwambia mama yake.

Safari hii haikuja barua. Alikuja mtu mwenyewe, kwa pikipiki iliyojaa matope.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, karibu! Mgeni njoo, mwenyeji apone," aliitikia Ambu, akamtazama toka juu mpaka chini. "Lo, umekonda hivi! Kiwandani hawakulishi?"

"Wananilisha supu, Ambu. Kazi yangu kuonja tangu asubuhi. Tumbo limejaa maji."

"Basi kaa, ule muhogo uyakaushe."

Mgeni aliitwa Dedeng. Ndiye aliyekuwa akikitafutia kiwanda majani, mizizi na mbegu za viungo. Alikula muhogo, akanywa chai, akasifu vyote viwili. Kisha akaomba kuona seleri kavu. Imas alimletea chanja moja nzima.

Dedeng aliinamia chanja, akavuta pumzi.

"Ambu, hapa zamani mlikausha tumbaku?"

"Miaka arobaini. Umejuaje?"

"Seleri yenu inavuta sigara."

Oman alicheka mpaka chai ikampalia. Ambu naye alitabasamu, lakini kidogo tu. Dedeng alichagua bua moja jembamba, akalipeleka karibu na sikio la Imas, akalikunja. Halikuvunjika. Lilijipinda tu.

"Umesikia nini?"

"Sikusikia kitu."

"Ndiyo shida yenyewe. Bua kavu likikunjwa hulia: *kak!* Hili bado ni bichi ndani."

"Lakini ni kavu, kaka Dedeng! Limekaa juani siku tatu."

"Mna chupa ya kioo yenye mfuniko?"

Imas alileta chupa iliyokuwa ya sukari. Dedeng aliikagua ndani. Ilikuwa kavu kabisa. Akaijaza seleri mpaka nusu, akakaza mfuniko, akaiweka juani ukingoni mwa baraza.

"Sasa tungoje kidogo. Mama, muhogo umebaki?"

Wakangoja. Jua la mlimani lilikuwa la upole siku hiyo. Mawingu yalipita chini yao, bondeni, taratibu. Oman alisinzia. Imas alikuwa akiitazama chupa na kuona kama inamtazama pia. Baada ya muda kama wa saa moja, kioo kilianza kufifia kwa ndani. Kilifunikwa na weupe mwembamba. Kisha tone moja likajikusanya juu, likateremka polepole mpaka chini.

Ambu alisogea karibu. Aligusa chupa kwa kidole, kwa nje, kama aliyetaka kulipangusa tone lile.

"Huo ni..." alianza.

"Ni umande, Ambu," alisema Dedeng kwa upole. "Mliuweka nyinyi alfajiri. Tukiufungia guniani unakosa pa kutokea. Majani yanaoza humo humo. Mtu akila supu ile anaweza kuugua."

"Nisipoyapa umande yatavunjika!" Sauti ya Ambu ilipanda. "Mtu gani mwenye akili atanunua majani yaliyovunjika?"

"Sisi."

"Nyinyi?"

"Ambu, kiwandani tuna mashine kubwa kama nyumba hii. Kazi yake ni kuyavunja. Umewahi kula supu ya pakiti? Humo unaona vijani vidogo kama punje za mchele. Hakuna anayetafuta jani zima."

Oman aliamka, akafikicha macho.

"Miezi minne," alisema Ambu, "miezi minne nayabembeleza kama kichanga, lisivunjike hata moja. Kumbe wenzangu mnakwenda kuyasaga!"

"Mbona hamkutuambia?" aliuliza Imas. Alikuwa na hasira, na hakuificha.

Dedeng alijikuna kichwa. "Na nyinyi mbona hamkuuliza? Tumekosa wote, dada. Sisi tuliandika 'seleri kavu', tukadhani kavu ni kavu tu. Kumbe kavu ya tumbaku ni nyingine na kavu ya supu ni nyingine. Anayeuza amuulize anayenunua: unaitaka ya kufanyia nini? Na anayenunua aje aone inatoka wapi. Ndiyo maana leo nimekuja."

Mchana wote Dedeng alieleza, na Imas aliandika nyuma ya kalenda. Chanja za tumbaku zisitumike tena, kwa sababu mianzi haisahau harufu. Zifumwe mpya. Seleri ioshwe kwa maji safi, ichujwe. Majani yatengwe na mabua, kwa sababu majani hukauka mapema na mabua huchelewa. Mabua yakatwe vipande vifupi. Kisha vyote vikaushwe ndani ya kibanda.

"Kibanda gani?" aliuliza Oman.

"Mianzi unayo. Funika kwa plastiki nyeupe inayopitisha mwanga. Chini acha nafasi upepo uingie, juu acha nafasi utoke. Upepo ndio unaobeba maji. Halafu tandaza kitambaa cheusi juu ya chanja, kisigusane na majani. Jua kali likiyapiga waziwazi yanakuwa ya manjano, na harufu inapotea."

"Na tukimaliza?"

"Yafungwe mchana, hewa ikiwa kavu. Mfuko wa plastiki ndani, gunia nje. Usingoje jioni. Kila gunia liandikwe shamba lake na siku ya mavuno. Likiwa na kasoro tutajua limetoka wapi, wengine wasiponzwe. Na kabla ya kufunga, chupa ile ile. Kioo kikibaki kikavu, nifungieni. Kikitoka jasho, rudisheni kibandani."

Ambu alikuwa amekaa mlangoni, mikono yake mapajani. Dedeng alipoaga, alimwitikia vizuri, kwa adabu zote. Lakini Imas alimjua mama yake. Alikuwa ameumia.

Oman alijenga kibanda kwa siku tano. Ndani yake palikuwa na joto zuri na mwanga mweupe kama maziwa. Kusimama humo ilikuwa kama kusimama ndani ya wingu lililopigwa jua. Seleri ilinukia mpaka barabarani. Lilis alikuja kulala humo mchana, akafukuzwa, akarudi. Kilo kumi za mbichi ziligeuka kilo moja hivi ya kavu, nyepesi, ya kijani. Imas alikunja bua karibu na sikio lake. *Kak!* Alicheka peke yake kama mwendawazimu.

Siku ya kufunga ilipangwa iwe kesho yake.

Alfajiri hiyo Imas alisikia nyayo. Kwanza alidhani anaota. Halafu akasikia wimbo. Alikurupuka, akatoka na khanga yake ya kulalia, ukungu ukampiga usoni. Katikati ya uwanja, ndani ya weupe ule, alimwona mama yake na chanja mikononi. Chanja nne zilikuwa tayari zimepangwa nyasini.

"Ambu! Unafanya nini?"

Ambu alisimama. Aliitazama chanja kama mtu aliyeamshwa.

"Sijui," alisema. "Miguu imenileta yenyewe. Nimeamka, nikasikia yananiita."

"Tuliambiwa, Ambu."

"Niliambiwa mimi! Niliambiwa mikono yangu haina kazi tena. Nilisikia. Mimi si kiziwi."

Mazoea yana taabu, na mazoea ya miaka arobaini yana taabu mara arobaini. Imas alitaka kufoka, lakini alipoona midomo ya mama yake inatetemeka, hasira ikamtoka. Akaamua kusema lile ambalo lilimshinda kila usiku.

"Ambu, mzigo huu ukirudi, naondoka. Kuna kazi ya kushona mjini. Nitarudi Idi kwa Idi."

"Na Lilis?"

"Atabaki na wewe."

"Ulipanga lini?"

"Zamani. Niliogopa kukuambia. Sitaki kwenda, mama. Sitaki kabisa."

Alilia, wala hakujali kujifuta. Ambu aliitazama chanja aliyoishika. Aligusa majani kwa ncha za vidole, kwa mkono ule ule uliosifiwa vijiji vyote, na mkono ukamwambia ukweli: tayari yalikuwa yameanza kulainika.

"Hizi nne zimeshaharibika?" aliuliza.

"Hazijaharibika. Zirudi kibandani mpaka zikauke upya."

"Basi shika upande ule. Usisimame tu unalia, na umande unazidi kuingia. Mtoto gani wewe!"

Walizibeba pamoja. Ambu alikaa kibandani siku mbili. Hakumruhusu mtu kufunga mzigo. Alikunja mabua sikioni, moja hapa, moja pale, macho yakiwa yamefumbwa. Aliweka chupa juani mara tatu, kutoka chanja tatu tofauti. Mara tatu kioo kilibaki kikavu. Ndipo akasema, "Fungeni." Imas akaandika kwenye gunia: *Shamba la Oman, upande wa mtoni*, na tarehe. Mzigo ukashuka bondeni.

Siku tisa zilipita. Imas hakuwa akila vizuri. Siku ya kumi, kabla hajawasha moto, simu ya Oman ililia, naye akaipokea. Alikuwa Dedeng.

"Dada Imas? Mzigo wenu umepita. Maabara hawakuona ukungu wala hawakusikia harufu ya tumbaku. Wanataka mwingine kila baada ya wiki mbili. Mnaweza?"

"Tunaweza," alisema Imas. Kisha akatoka jikoni mbio kumwambia mama yake.

Uani hapakuwa na mtu. Kibandani hapakuwa na mtu. Jua lilikuwa limeshachomoza, na ukungu ulikuwa ukipanda mlimani. Imas alishikwa na hofu. Katika maisha yake yote hakuwahi kuliona jua likimtangulia Ambu kuamka. Alifungua mlango wa chumba. Mama yake alikuwa amelala, kajifunika hadi kidevuni, hatikisiki.

"Ambu?" aliita. "Ambu!"

Jicho moja likafunguka.

"Mzigo umepita, mama! Siendi popote!"

"Alhamdulillahi," alisema Ambu. Akageukia ukutani, akavuta blanketi. "Sasa toka uniache nilale. Wajua nina usingizi wa miaka mingapi mimi?"