Maji ya Mvua ya Jerop

Kila asubuhi Eucabeth alifika shuleni kabla ya kengele, akafagia darasa la saba na kufuta ubao. Babake alikuwa mtu wa reli hapa Nakuru, naye alimzoesha kuwahi. Jumatatu hiyo aliharakisha zaidi. Mkaguzi wa shule angefika saa nne, na Mwalimu Ndung'u alikuwa amemchagua yeye na mwenzake Jerop wamwonyeshe jaribio la umeme.

Walikuwa na betri tatu za tochi, balbu ndogo, nyaya na vijiti viwili vya kaboni. Jibu lilijulikana: vijiti vikiwekwa katika chumvi kavu, balbu haiwaki. Katika maji ya mvua, haiwaki pia. Chumvi ikiyeyushwa humo, inawaka.

Maji aliyaleta Jerop kwa chupa, kutoka shamba la ng'ombe alikofanya kazi babake. Chumvi kavu haikuwasha kitu. Lakini vijiti vilipoingia majini, balbu ikawaka kabla hawajatia hata chembe ya chumvi.

Eucabeth akaosha bakuli, akapangusa vijiti, akarudia. Ikawaka. Akarudia tena. Ikawaka vilevile, na machozi ya hasira yakamlengalenga. Jerop akamshauri waandike tu kwamba haikuwaka, maadamu jibu linajulikana.

"Siandiki nisichokiona," Eucabeth alisema. "Maji haya uliyateka wapi?"

Jerop akashikilia kuwa ni ya mvua. Mwalimu, aliyechoshwa na ubishi wao, akachovya kidole katika chupa, akaonja, akakunja uso.

"Ni ya mvua kweli, Mwalimu," Jerop akasema, macho chini. "Ila mvua yenyewe iliingia katika hori wanamolamba ng'ombe chumvi. Niliona uvivu kwenda hadi kwenye pipa."

Mwalimu akatema mate dirishani. Akamwonyesha Jerop tangi la shule la maji ya mvua, na yeye akatoka mbio. Kwa maji ya tangi balbu haikuwaka. Walipokoroga chumvi, ikawaka, na mkaguzi alikuwa mlangoni.

Mkaguzi akauliza mbona daftari lina majaribio matatu yaliyoharibika. Jerop akaeleza mwenyewe, bila kuficha hori.

Mkaguzi alipoondoka, Mwalimu akawageukia. "Chembe za chumvi kavu zimeshikana. Ukiiyeyusha majini, au kwa moto mkali mno, zinaachana, zinatembea na kubeba umeme. Balbu haikukosea hata mara moja. Jerop, ulisema nusu ya ukweli, na nusu uliyoificha ndiyo iliyotuhangaisha asubuhi nzima."