Kamera ya Mteremkoni

Mlingoti ulikuwa mtupu. Kamera ya kunasa madereva wa mwendo kasi ilikuwa imeibwa, na mweka hazina wa halmashauri alizunguka chini yake kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Juma zima hakuna picha hata moja, Afande! Tulidhani imeharibika. Faini za mteremko huu ndizo zinazoendesha halmashauri!"

"Hapa kuna ajali?" Inspekta aliuliza.

"Hata moja! Barabara pana, imenyooka, gari linateleza lenyewe. Ndiyo maana tuliiweka hapa."

Inspekta alipanda ngazi. Bolti zilifunguliwa kwa spana. Ncha za nyaya zilifungwa utepe, umeme usije ukamdhuru mtu. Mwizi gani huyu mwenye huruma?

Akirudi kituoni alipita mbele ya shule ya msingi, na mguu ukakanyaga breki kwa mazoea. Magari yote yalitambaa. Mtoto mmoja aliinama katikati ya barabara akafunga kamba za viatu, hana habari. Inspekta akainua macho. Juu ya mlingoti uliopakwa rangi za halmashauri, kamera ilikuwa ikimtazama.

Akampigia simu mweka hazina. "Shuleni mliweka kamera?"

"Pale? Pale hapalipi!"

"Huwa hupiti?"

"Napita kila siku. Napunguza mwendo..." Mweka hazina akakata simu.

Inspekta alishuka garini, akasimama chini ya mlingoti, akashika kiuno. Kamera haikuunganishwa na waya wowote. Mji mzima, yeye akiwemo, ulikuwa umetii chuma kisicho na uhai. Alistaajabu mpaka akacheka peke yake.

Kisha akapapasa kitako cha mlingoti. Mchomeleo ulikuwa safi kama msuko wa nywele, sawasawa na ule wa geti la mahabusu kituoni. Fundi wake alikuwa mmoja tu, mama mtu mzima aliyeitwa Cheche.

Alimkuta karakanani.

"Mama, mlingoti wa shuleni ni kazi yako."

Cheche alivua miwani ya kuchomelea. "Ni yangu."

"Na kamera?"

"Niliishusha mchana kweupe, nimevaa fulana ya kung'aa. Askari wako wa barabarani alinishikia ngazi."

"Kwa nini, mama?"

"Mjukuu wangu aligongwa pale akitoka shule. Tulimzika. Nikaenda halmashauri kuomba kamera, wakaniambia pale hapana mapato. Nikarudi nyumbani, nikachanganya zege."

Inspekta alikuwa amekamata wengi, ila hakuwahi kutamani kumpigia mtuhumiwa saluti.

Mweka hazina, aliyekimbilia shuleni kisha akalifuata gari la Inspekta, aliingia akihema. "Ishushwe leo hii!"

"Nifunge, mwanangu," Cheche alisema. "Ila ile iache."

"Haishuki," Inspekta alimwambia mweka hazina. "Ni kidhibiti. Kitabaki kilipokutwa mpaka upelelezi uishe."

"Utaisha lini?"

Inspekta alimfungulia mama mlango wa mbele wa gari.

"Mashahidi ni wengi," alisema. "Nitaanza na wanafunzi, mmoja mmoja."