Pikipiki Iliyoinama

Mwili wa Audax ulikutwa Jumatatu asubuhi chini ya mteremko wa Ijumbi, umelala kifudifudi kwenye mtaro wa mawe, kofia ngumu ingali kichwani. Shingo ilikuwa imevunjika. Hatua kumi juu yake, pikipiki yake ya mashindano ilikuwa imechomeka pua ardhini. Ukungu wa ziwa ulikuwa bado umelala juu ya migomba, na hakuna ndege aliyelia.

Mkaguzi wa Polisi Bartholomayo Kahigi hakugusa kitu. Alichuchumaa mbele ya pikipiki, akamulika tochi chini ya madigadi ya mbele. Plastiki ilikuwa imeyeyuka, na ukanda mweusi wa mpira umeganda juu yake.

"Koplo, unaona nini?"

"Tairi limepanda likagonga madigadi, afande," alijibu Koplo Annastella. "Gurudumu likakwama likizunguka."

"Pikipiki ya namna hii huruka vichuguu. Tairi lake halipaswi kufika hapo hata siku moja."

Kisa kilionekana kuwa chepesi. Audax, bwana shamba wa kahawa na mshindani wa mbio za matope kule Kanazi, aliumia nyonga mwaka jana, na tangu hapo miguu yake haikufika chini vizuri akiwa kitini. Alimpa fundi kazi ya kuishusha pikipiki. Fundi aliirudisha Jumamosi kwa gari. Jumatatu Audax aliipanda kwa mara ya kwanza, na mteremko huo uko mita mia mbili tu kutoka nyumbani kwake.

Adhuhuri fundi alikuwa mahabusu Muleba.

"Fundi kakosea, mtu kafa," Mkuu wa Polisi wa Wilaya alimwambia Kahigi. "Vijana wa Ijumbi wameapa kuichoma karakana yake. Mshtaki, watulie."

"Naomba muda hadi mazishi, afande."

"Mazishi ni kesho saa nane. Saa tisa nasaini."

Kahigi alimkuta fundi Kahangwa ameketi sakafuni, mikono yake minene imelala magotini kama vitu visivyokuwa vyake.

"Eleza ulichofanya."

"Nilishusha nyuma vidole viwili, waitu," alisema kwa heshima ya Kihaya. "Lakini ukishusha nyuma peke yake, mbele hubaki juu, na pikipiki hukataa kona. Basi nikalegeza kibano kinachoshika shokapu chini ya usukani, nikazisukuma juu kidogo ili mbele nako kushuke. Mbele na nyuma vishuke pamoja. Hiyo ndiyo kazi yote."

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Mimi sikisii, waitu. Kila pikipiki naikatia unyasi wake wa kupimia. Natia pengo moja kuonyesha kimo cha mbele, jingine cha nyuma. Wa Audax uko juu ya mlango wa karakana, una jina lake."

"Na mtu akizidisha mbele?"

Kahangwa alimtazama kwa mara ya kwanza. "Basi umemchimbia kaburi. Akishika breki mteremkoni, pua itazama na tairi litagonga juu."

Kahigi aliendesha mwenyewe hadi karakanani Rwamishenye. Unyasi ulikuwepo. Jioni aliupima kwenye pikipiki, uani pa kituo. Pengo la nyuma lililingana barabara. Mbele, shokapu zilichomoza juu ya kibano vidole vinne zaidi ya alama.

"Huenda aliukata unyasi kabla, kisha akakosea kufunga," alisema Annastella.

"Wakili yeyote atasema hivyo." Kahigi alilala chali, akatazama tumbo la pikipiki. Kwenye mabomba mawili ya fremu kulikuwa na utando wa kahawia, mkavu, wenye nyuzinyuzi. Aliukwangua kwa ukucha, akaunusa. Alikuwa amekua nao; uliharibu sare zake za shule ya bweni kila likizo, na hakuna sabuni iliyowahi kuutoa.

"Utomvu wa mgomba," alisema. "Karakana ya Rwamishenye ina stendi ya chuma na sakafu ya saruji. Ili kulegeza kibano lazima gurudumu la mbele lining'inie. Mtu fulani aliitegemeza pikipiki hii juu ya gogo bichi, Koplo, baada ya kutoka kwa fundi."

Kesho yake manyunyu yalikuwa yakianguka Ijumbi. Jeneza lilikuwa sebuleni, na Ma Kokuhirwa, mama wa marehemu, alikuwa amelikumbatia. "Tata wangu! Tata wangu, umeniachia nani?"

Joackim, kaka mkubwa wa marehemu, aliwapokea maofisa mlangoni. Alivaa shati jeupe, mikono imekunjwa hadi viwikoni.

"Pole, Ta Joackim. Shati zuri kwa siku nzito. La zamani?"

"Jipya. Nililivaa kwa mara ya kwanza ibadani Jumapili."

"Na baada ya ibada? Wenyeji wengi hushinda shambani."

"Si mimi. Mimi ni mzee wa kanisa, Mkaguzi. Siku ya Bwana sishiki panga wala jembe."

"Marehemu alikuwapo nyumbani?"

"Kijana yule alibaki na kwaya hadi jioni."

Kahigi aliingia, akapiga goti kando ya mama. "Ma, mbona unamwita mwanao Tata?"

"Baba yao alimwachia kiti. Jumamosi ijayo ukoo ungemkalisha. Musika, mrithi wa kiti, ndiye baba wa nyumba, mwanangu. Sote tungemwita Tata, baba yetu, hata aliyemzidi umri." Alifuta uso kwa kanga. "Mkosi ulianza Jumapili. Nani aliyeangusha mgomba wangu wenye mkungu mchanga? Nyuma ya kibanda cha kuni. Hata mwizi husubiri ukomae!"

Mgomba ulikuwa umekatwa mara mbili, na kipande cha katikati hakikuwepo. Annastella alikifukua chini ya majani makavu. Mgongoni kilikuwa na mabonyeo mawili sambamba na tone la oili. Kahigi alitandaza futi. Upana kati ya mabonyeo ulikuwa ule ule wa mabomba ya fremu.

Alimwita Joackim migombani, mbali na waombolezaji.

"Kunjua mikono ya shati."

"Kwa nini?"

"Wenzako wote wamejifunika kwa baridi. Kunjua."

Joackim hakusogea. Annastella alimshika mkono, akakunjua kitambaa taratibu. Ndani ya pindo kulikuwa na madoa meusi, mapana, kama wino uliomwagika.

"Shati lilivaliwa mara ya kwanza Jumapili," alisema Kahigi. "Jumapili hushiki panga. Utomvu huu ulitoka wapi?"

Manyunyu yaligonga majani mapana juu yao.

"Nani alikufundisha kibano?" Kahigi aliuliza.

"Fundi mwenyewe." Sauti ya Joackim ilikuwa kavu. "Jumamosi alimweleza Audax kwa nini mbele na nyuma vishuke pamoja. Nilikuwa nimesimama pale. Alieleza vizuri mno."

"Ukajua Audax angedhani ugeni wa pikipiki ni kazi ya fundi. Na sisi tungedhani hivyo hivyo."

"Ndiyo."

"Kwa ajili ya kibanja hiki, shamba la baba yenu?"

"Kibanja!" Joackim alicheka bila furaha. "Ningemwachia chote, hadi mbuni wa mwisho wa kahawa. Nilimbeba mgongoni yule. Nilimfundisha herufi. Jumamosi ijayo ningepiga magoti mbele ya ukoo mzima na kumwita Tata. Usiku kucha nililijaribu neno hilo peke yangu. Halikutoka."

Kahigi alichukua simu. "Mfungulieni fundi Kahangwa. Na pelekeni askari karakanani kwake, sasa hivi."

Njia ya kwenda kwenye gari ilipita mbele ya sebule. Vilio vilikatika watu walipoziona pingu. Ma Kokuhirwa alisimama taratibu, akatazama pingu, akatazama pindo jeusi la shati. Alijisogeza kando, njia ya kufikia jeneza ikabaki wazi mbele ya mwanawe mkubwa.

"Hakuna anayeondoka hapa bila kumuaga mwenye nyumba," alisema. "Muage."

Kahigi angeweza kumvuta. Hakumvuta.

Joackim aliinamisha kichwa. Kisha akapiga magoti mbele ya ukoo mzima.

"Tata," alisema.