Paneli Juu ya Kaburi la Burito

Nimewauliza mafundi wa Bunda, nimewauliza wa Musoma mjini, na mpaka leo hakuna aliyenijibu bila kucheka kwanza: paneli ya sola iliyofunikwa blanketi inapata wapi jua? Wakimaliza kucheka wanataja sababu. Waya mbovu. Kioo cha namba kimeharibika. Nawasikiliza, maana wao ndio wanaojua kazi yao. Kisha nawasimulia habari ya pumzi, nao wanaanza kukusanya vifaa vyao.

Yalimkuta jirani yetu wa Buswahili, Mwalimu Selestina, na yalianza siku ya kawaida kabisa, jua likiwaka na kuku wakiparura uwanjani.

Mapafu yake yalikuwa yamechoka. Alitoka hospitali na mashine ya oksijeni, ile inayochomekwa ukutani, inayovuta hewa ya chumbani, kuichuja na kuipitisha kwenye mpira mwembamba hadi puani. Bila mpira ule aliweza kuongea kidogo na hata kufika uani, lakini si kwa muda mrefu kabla midomo haijaanza kupoteza rangi. Na umeme wa huku kwetu hukatika bila kuaga.

Mumewe, Burito, alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia, pale pale mbele ya nyumba. Binti yao wa pekee, Naomi, alikuwa na kazi Musoma na nyumba mpya Bweri, akija kila alipopata nafasi. Siku nyingine zote Selestina alikuwa peke yake. Upweke wake hakuulalamikia. Ila jioni alikuwa akiipigia simu huduma kwa wateja ya mtandao wake, akauliza salio analolijua, ili tu asikie mtu akisema, "Naongea na Selestina, siyo?"

Naomi ndiye aliyemleta fundi Gasper kutoka Bunda, na boksi zito lenye mshikio. Wauzaji huliita pawa stesheni. Ndani yake mna betri na inveta, ya kuugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, kwa pamoja. Unalichaji kwa umeme wa ukutani au kwa paneli, na umeme ukikatika unachomeka kitu chako humo.

"Watu wananunuaga hizi kwa kuangalia ukubwa wa boksi," Gasper alisema, akilipigapiga kama mgongo wa ng'ombe. "Uliza vitu viwili, Mwalimu. Linabeba mzigo gani kwa mara moja? Hizo ni wati. Na tumboni lina akiba kiasi gani? Hizo ni wati-saa. Ng'ombe anaweza kuwa na nguvu za kuvuta plau, lakini kama ana njaa hamalizi hata mstari."

"Na huyu wako ana njaa?"

"Huyu ameshiba. Tena umeme wake ni safi kama wa ukutani. Mashine za hospitali hazitakagi umeme wa kukwaruza. Ila mashine yako nayo inakula! Umeme ukikatika, boksi litakupeleka kwa muda wa saa tatu hivi. Paneli haiwezi kulisha mashine yote, inaongezea tu, na jua likizama haiongezei kitu. Ukiona akiba inakaribia kwisha, piga simu uchukuliwe. Usisubiri."

Ikabaki mahali pa kuweka paneli. Gasper aliizunguka nyumba akitazama juu. Mikaratusi aliyoipanda Burito ilikuwa imelifunika paa, na kivuli cha tawi moja, alisema, kinatosha kuinyima nguvu paneli nzima. Uwanja mzima ulikuwa na sehemu moja tu iliyopata jua kutwa, iliyoinuka kutoka kwenye vumbi, yenye mwinamo kidogo na vigae vyeupe vinavyofutika. Wote watatu walikuwa wanaitazama, na hakuna aliyetaka kuitaja.

"Mzee hatasema kitu?" Gasper aliuliza.

"Mzee alikuwaga ananizimia taa nikiwa bado nasoma," Selestina alisema. "Acha sasa alipe."

Walicheka. Na usimhukumu, huku kwetu kaburi la uani ni sehemu ya uwanja. Jirani yake Getruda alikuwa akianika udaga wake, ile mihogo ya kuvundika, pale pale, na watoto walikalia vigae wakila miwa. Paneli ikalazwa juu ya kaburi, waya ukapitishwa dirishani hadi chumbani, na Gasper akarudi zake Bunda.

Umeme ulikatika alasiri moja ya mawingu mazito. Selestina aliihamishia mashine kwenye boksi, akakaa kitandani akitazama kioo chake kidogo. Kilionyesha akiba iliyobaki, kinachotoka, na kinachoingia. Alisubiri akiba ishuke.

Haikushuka. Saa tatu za Gasper zilipita. Jua lilizama nyuma ya mikaratusi. Nje palikuwa na giza lile la mwanzo, la kuingiza kuku bandani. Na namba ya kinachoingia ilikuwa sawasawa na ya kinachotoka. Chochote mashine ilichokula, kaburi lilikileta.

Alipaswa kupiga simu. Aliona aibu kumsumbua mtu kwa sababu ya bahati njema.

Ikawa hivyo kila umeme ulipokatika. Selestina akanenepa kidogo, midomo ikarudi rangi. Alikuwa mtu wa kutafakari, aliyesahihisha hesabu za watoto maisha yake yote, na hakupenda jibu ambalo halina njia. Kwa hiyo alikaa na kuichunguza ile namba. Ndipo alipoona kwamba haikuwa imetulia. Ilipanda taratibu. Ikashuka taratibu. Ikapanda.

Alidhani ni mwendo wa mashine. Akaisikiliza mashine, ilikuwa na mwendo wake, wa haraka zaidi. Akadhani ni yeye. Akabana pumzi.

Namba ikapanda. Ikashuka. Ikapanda.

Ilikuwa pumzi ya mtu aliyelala usingizi mzuri.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote. Aliweka mkono juu ya boksi, lilikuwa la vuguvugu, akasema, "Umeamkaje?" Toka siku hiyo hakuipigia tena huduma kwa wateja.

Getruda alikuja na ungo wake kumtazama, akaongea kwa sauti ya chini ingawa walikuwa wawili tu.

"Mama Naomi, mimi sianiki tena pale."

"Kwani paneli inakuzuia? Si unaacha nafasi pembeni?"

"Nafasi ipo. Jua lipo." Getruda alitazama dirishani. "Udaga wangu ukikaa pale unalowa."

Naomi alipokuja alimkuta mama yake akizungumza na boksi. Ilikuwa mchana, umeme haupo. Alisikiliza habari yote bila kumkatiza, kisha akachukua blanketi zito la kitandani, akaenda nje na kuifunika paneli kuanzia ncha hadi ncha. Akarudi kutazama kioo.

Namba ikapanda. Ikashuka.

"Unamfunika ili iweje?" Selestina aliuliza kwa upole. "Hasikii baridi."

Naomi alichomoa waya wa paneli. Kinachoingia kikawa sifuri. Akampigia baba yake mdogo, Alfonsi, aje na gari lake sasa hivi. Mama alikuwa anahamia Bweri.

Selestina hakubishana. Alikuwa anataka kwenda, alisema, siku nyingi tu alitaka. Walipakia boksi lililojaa pomoni na mashine kwenye kiti cha nyuma. Naomi aliinyanyua paneli kutoka kaburini na kuitia kwenye buti. Chini yake ilikuwa imelowa. Akajifuta mikono kwenye kitenge.

Njiani mwanzo kulikuwa na maongezi.

"Baba alikuwa hakubaligi mama alale nje," Naomi alisema, kama anayetafuta kicheko. "Tukienda kwa bibi, kesho yake tunamuona huyo na baiskeli."

"Alisema kitanda kinakuwa kikubwa," Selestina alisema.

Alfonsi hakucheka. Alikuwa anamtazama shemeji yake kwenye kioo cha gari. "Naomi. Mwangalie mama."

Midomo ilikuwa ya majivu. Mashine ilinguruma vizuri. Boksi lilikuwa na akiba tele. Naomi alichomoa mpira puani, akautumbukiza kwenye chupa ya maji, na mapovu yakatoka kwa wingi. Akaurudisha.

"Hewa inakuja, Mama. Vuta."

"Hewa inakuja," Selestina alinong'ona. "Pumzi haiji."

Walisimama kwenye zahanati ya njiani. Tabibu alimbana kifaa kidoleni, akakitazama, akakibana kwenye kidole kingine. "Kipimo kinasema mama ni mzima," alisema, na hakuweza kuacha kuitazama ile midomo. Alitaka wamwahishe Musoma. Selestina aliukamata mkono wa bintiye kwa nguvu ambazo Naomi hakujua kama bado anazo.

"Geuzeni."

Waligeuza. Kila walipoikaribia Buswahili rangi ilirudi kidogo, lakini si yote. Nyumbani umeme ulikuwa umesharudi. Wakamlaza, wakachomeka mashine ukutani, na bado alihema kama aliyekimbia. Akaomba apelekwe uani. Wakambeba na kiti. Akakisogeza mwenyewe mpaka mgongo wake ukagusa vigae vyeupe. Mpira ukamdondoka puani. Hakuuokota. Kifua kilipanda taratibu. Kikashuka taratibu.

Alikaa hivyo hadi mvua ilipoanza kunyesha, na walipomwingiza ndani ili asilowe, akaanza tena kuzama.

Kesho yake walikaa kikao sebuleni, Naomi, Alfonsi na katekista Lukas, mlango wa chumbani ukiwa wazi ili mgonjwa asikie. Mawingu yalikuwa yamepasuka na uwanja uling'aa kwa jua.

"Tulibomoe lile kaburi," Naomi alisema. "Tumhamishe."

"Kaka yangu hakuwa mchawi," Alfonsi alisema.

"Nani kasema mchawi?" Sauti ilitoka chumbani, neno moja kwa pumzi moja. "Ni mtu... hajui... kuachia. Ukimbomoa, Naomi... utanipa wewe pumzi?"

Katekista alitazama viatu vyake. Alisema amezika watu wengi na hajawahi kukutana na hili. Nadhani alisema ukweli.

Ikaamuliwa hivi: Selestina hataondoka Buswahili, hakuna atakayejaribu tena kumwondoa, na mashine irudishwe kwenye boksi na paneli irudi ilipokuwa. Alfonsi akasema yeye hawezi kuigusa. Katekista akasema atasali, lakini akiwa barazani.

Naomi aliitoa kwenye buti mwenyewe. Aliibeba peke yake kupita katikati ya uwanja, akaiegemeza kwenye kiti kilichobaki pale, akainama kuvifuta vigae. Vilikuwa vimekauka na vya moto kwa jua, isipokuwa upande wa kichwa. Hapo palikuwa na doa la ukungu, ukubwa wa kiganja, kama mtu anapohemea kioo. Alilifuta. Likarudi. Likapanuka, likasinyaa.

Akalaza paneli juu yake. Akachomeka waya. Kupitia dirishani akamsikia mama yake akivuta pumzi ndefu, ya kushiba.

Aliyeishusha pumzi ile hakuwa mama yake. Ilishuka chini ya paneli.